Chumvi ya Sevuk

Padri Husik aliibariki chumvi kabla jua halijaufikia mlango wa kanisa,
chumvi ya mawe, kilo moja na nusu, katika bakuli la shaba
ambalo siku nyingine Shangazi Hripsime huoshea zabibu.
Nadhiri ilikuwa ya mama: Zaven akirudi kutoka mpakani,
hata kwa mguu mmoja, kondoo dume atachinjwa,
atapikwa kwa maji na chumvi, asiongezewe hata kitunguu,
na nyama ifike nyumba saba siku hiyo hiyo, isilale.
Zaven amerudi. Na miguu yote miwili.
Kilichobaki huko ni usikivu wa sikio la kushoto.

Mimi ndiye niliyemshika Sevuk,
kwa sababu kwangu hapigi teke.
Nilimnywesha kwa chupa ya soda mwaka wa theluji mbaya,
mama yake alipokaukiwa maziwa.
Alilala jikoni kwetu, akatafuna kalenda ukutani
mpaka Februari yetu ikaishia tarehe kumi na tisa.

Juu ya mlango, fundi wa kale ambaye jina lake limelika kwa mvua
aliwachonga wale wanne wa Habari Njema.
Simba. Fahali. Tai.
Mmoja tu ana uso wa mtu, na pua yake imevunjika.
Utotoni niliamini walioandika ni wanyama,
na yule mtu alikuwa karani wao,
wa kuwachongea kalamu.

Niliwahi kumuuliza Padri darasani: wana roho?
Akakohoa. Akasema, wana pumzi.
Nikaandika daftarini, nikapata nane juu ya kumi.
Lakini yule punda wa njia ya mizabibu
alimwona malaika na upanga wake, mara tatu,
huku mwonaji mzima, mgongoni pake, haoni ila ukuta.
Na siku mji ule mkubwa uliposamehewa
hesabu ya Mungu haikuishia kwa watu.
Alitaja na mifugo, mwisho kabisa,
kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa ameshashika kitasa.
Na usiku ule wa hori, kuna ng'ombe aliyelala njaa,
maana sahani yake ilikuwa imelaliwa na mtoto.

Bwana wetu tumempa jina la mnyama huyu.
Kila Jumapili tunalitaja, tumepiga magoti,
na hakuna anayegeuka kutazama zizini.

Padri akanimiminia chumvi kiganjani. "Mlishe."
Ndiyo desturi: kwanza ale kilichobarikiwa.
Sevuk hajui nadhiri. Chumvi anaijua.
Aliramba kwa ulimi wake wa msasa, macho nusu yamefumba,
vile vile Shangazi Hripsime anavyopokea mkate.
Nilitafuta tofauti.
Naapa niliitafuta.

Kisu cha Mjomba Garnik kilikuwa kikali; kwa hilo nashukuru.
Zaven aligeuza kichwa polepole,
akatuelekezea lile sikio lisilosikia.

Sufuria ikachemka bila harufu ya kiungo chochote.
Nilipeleka nyumba ya tano, kisha ya sita, kwa mjane Satenik,
aliyelia juu ya mchuzi, akasema ni mtamu, akasema Mungu ni mwema.
Nikaitikia amina, na niliimaanisha:
ng'ambo ya ua kaka yangu alikuwa akipasua kuni
na kupiga mluzi, nje kidogo ya sauti.
Nilikula pia. Nilikuwa nimepanga kukataa,
lakini nilikuwa nimetembea tangu asubuhi, na njaa haina mpango.

Usiku nikaenda kufunga zizi.
Mama yake Sevuk akaja gizani,
akanusa mkono wangu nyuma, akanusa mbele,
akakifungua kiganja kwa pua,
akazikuta punje zilizosalia katika mikunjo.
Akaramba taratibu, mstari kwa mstari, mpaka zikaisha,
kisha akaendelea kuramba.
Sikuuondoa mkono.